Tofauti Zinazotangulia Ugonjwa: Mageuko, Wanyamapori na Virusi Vinavyoibuka

Mwanzoni mwa mwaka 1994 simba wa Serengeti walianza kufa kwa namna ambayo wahifadhi hawakuwa wameizoea. Mnyama aliyeonekana mzima jana yake aliyumba, misuli ya uso ikawa inamcheza bila kutulia, kisha akashikwa na degedege na kuanguka, na wengi hawakuinuka tena. Katika mlipuko huo simba wapatao 1,000 walikufa, sawa na theluthi moja ya simba wote wa eneo hilo. Vipimo vya maabara vilionyesha kuwa chanzo kilikuwa virusi vya distempa, ugonjwa ambao kwa miaka mingi ulihesabiwa kuwa wa mbwa na jamaa zake. Lakini vipimo hivyo vilionyesha pia jambo la pili ambalo halikuzungumzwa sana: katika kila simba 100 waliopimwa damu, takriban 85 walikuwa na kingamwili za distempa, yaani protini ambazo mwili hutengeneza baada ya kukutana na virusi hivyo. Maana yake ni kwamba simba wengi walioambukizwa walipona.

Hapo pana maswali mawili yanayostahili kutenganishwa. Virusi vya mbwa viliwezaje kuzaliana ndani ya mwili wa simba? Na kwa nini, kati ya wanyama wa aina moja, wanaoishi katika uwanda mmoja na kuwinda mawindo yaleyale, wengine walikufa na wengine wakaishi? Daktari wa mifugo anaweza kueleza namna simba mmoja alivyokufa, ila kueleza kilichowapata simba 3,000 mbele ya virusi visivyohesabika hakuwezekani bila kuingia katika elimu ya mageuko. Katika maelezo yanayofuata nitashikilia hoja moja: kinachomwokoa mnyama siku ugonjwa mgeni unapofika ni tofauti za kurithi zilizokuwamo ndani ya kundi lake kabla ya siku hiyo. Tofauti hizo haziagizwi na ugonjwa. Ama zipo, ama hazipo.

Watu wengi huyafikiria mageuko kama safari ya kupanda kutoka viumbe duni kwenda viumbe bora, au kama juhudi ya mnyama kujibadilisha kwa kuwa amebanwa na shida. Yote mawili si sahihi. Mageuko ni badiliko la uwiano wa jeni ndani ya kundi la viumbe, kizazi baada ya kizazi. Watoto huzaliwa na tofauti ndogondogo zitokanazo na makosa ya kunakili vinasaba na michanganyiko mipya ya vinasaba vya wazazi, na tofauti hizo hazijali kama zitamfaa mwenyewe au zitamdhuru. Kisha mazingira huamua, bila kukusudia, nani ataacha watoto wengi zaidi. Hilo la pili ndilo liitwalo uteuzi asilia.

Mfano ulio wazi kuliko mingi ninayoijua uko nchini Msumbiji, katika Hifadhi ya Taifa ya Gorongosa. Wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe, kuanzia mwaka 1977 hadi 1992, wapiganaji waliwaua tembo kwa ajili ya pembe na nyama, na kundi lililokuwa na tembo zaidi ya 2,500 likabaki na wachache mno. Kabla ya vita, katika kila majike 100 kulikuwa na takriban 18 wasio na pembe. Miongoni mwa majike waliosalimika, idadi hiyo ilifika takriban 51, na miongoni mwa waliozaliwa baada ya vita, 33. Hakuna tembo aliyepoteza pembe zake kwa hofu ya bunduki. Waliozaliwa bila pembe walikuwapo tangu zamani, ila wakati wa vita muuaji aliwapita. Utafiti uliochapishwa mwaka 2021 ulionyesha kuwa hali hiyo hurithiwa kupitia kromosomu ya X, na kwamba mtoto wa kiume anayeirithi jeni hiyo hufa kabla ya kuzaliwa. Kwa hiyo majike wasio na pembe waliookoka bunduki huzaa majike wengi kuliko madume, na kundi zima hulipa gharama hiyo mpaka leo. Uteuzi asilia hautoi zawadi safi. Huchukua kilichopo, pamoja na madhara yake.

Jambo la namna hiyo liko pia ndani ya damu ya watu wa Afrika Mashariki. Mwaka 1954 daktari Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alionyesha kuwa mtu mwenye nakala moja ya jeni ya selimundu hupata kinga kubwa dhidi ya malaria kali, ingawa mwenye nakala mbili huugua ugonjwa mzito. Ndiyo sababu jeni hiyo ilienea pwani na kandokando ya Ziwa Viktoria, kuliko na mbu wengi, na ikawa adimu katika nyanda za juu zenye baridi. Kwa hiyo jeni haiwezi kuhukumiwa kuwa nzuri au mbaya pasipo kutaja mahali, ugonjwa uliopo, na jeni nyingine inayokaa nayo.

Sasa tuje kwenye kinga ya wanyama. Mamalia wote, kuanzia panya hadi twiga, wana kundi la jeni linaloitwa MHC. Protini zinazotokana na jeni hizi hushika vipande vya virusi vilivyomo ndani ya seli na kuvipeleka juu ya ngozi ya seli, ambako seli za kinga zikipita huviona na kuiangamiza seli iliyoambukizwa. Kila aina ya protini ya MHC hushika aina fulani tu za vipande. Mnyama mwenye nakala mbili zinazotofautiana huonyesha vipande vingi kuliko mwenye nakala mbili zinazofanana, na kundi lenye aina nyingi za MHC ni vigumu kushindwa lote na virusi vya aina moja, kwa kuwa mbinu iliyovifaa virusi ndani ya mnyama mmoja hugonga mwamba kwa jirani yake. Hii ndiyo maana halisi ya anuwai ya jeni kwa upande wa magonjwa. Haionekani kwa macho, na mgeni anayetazama kundi la nyumbu wanaofanana kabisa hana njia ya kujua kwamba ndani yao mna hazina kubwa ya tofauti.

Duma ni kinyume cha nyumbu hao. Vinasaba vyake vinaonyesha kuwa zamani idadi yake ilishuka sana zaidi ya mara moja, mara mojawapo ikiwa takriban miaka 10,000 iliyopita, na duma wote wa leo wametokana na mababu wachache. Katika miaka ya 1980 mtaalamu wa jeni Stephen O'Brien na wenzake walipandikiza vipande vya ngozi kutoka duma mmoja kwenda kwa mwingine asiye ndugu yake wa karibu. Kwa kawaida mwili wa mamalia hukikataa kipande cha namna hiyo mapema. Miili ya duma ilivipokea vipande hivyo kana kwamba ni ngozi yao wenyewe, ishara kwamba MHC zao zilikuwa karibu sawa. Katika kipindi hichohicho, kwenye bustani moja ya wanyama iliyoko Winston, jimbo la Oregon nchini Marekani, virusi vya korona vinavyojulikana kwa paka viliingia kwenye kundi la duma waliofugwa na kuua zaidi ya nusu yao. Kwa paka wa nyumbani, ugonjwa huohuo kwa kawaida huua sehemu ndogo tu ya walioambukizwa.

Tukio hilo lilielezwa kila mahali kama uthibitisho kwamba duma wanakufa kwa kufanana. Naona ni haki kusema kwamba wataalamu wengine hawakukubali moja kwa moja. Watafiti waliofuatilia duma wa Serengeti kwenye nyasi zao walikuta kwamba watoto wengi wa duma huuawa na simba na fisi kabla hata ya kuanza kutembea vizuri, na kwamba hicho ndicho kinachozuia idadi yao kuongezeka siku kwa siku. Pande zote mbili zina ukweli, kwa sababu zinapima mambo mawili. Simba huwapunguza duma kila mwaka kwa kiasi kinachotabirika. Upungufu wa anuwai hukaa kimya kwa miongo mingi, kisha hujionyesha siku moja virusi vipya vinapoingia, na siku hiyo nafasi ya kurekebisha huwa imeshapita.

Simba wa Kreta ya Ngorongoro wanatuonyesha namna upungufu huo unavyoanza. Kreta hiyo ina ukubwa wa takriban kilomita za mraba 260 na kuta zake huinuka kiasi cha mita 600, na ndani yake mna mawindo tele. Mwaka 1962 mvua zilinyesha kupita kiasi, na inzi wanyonyao damu wakaongezeka mpaka wakawafanya simba kuwa vidonda mwili mzima. Simba wakashindwa kuwinda, na katika kundi zima wakabaki karibu kumi. Madume wachache waliingia baadaye kutoka nje, na kundi likakua tena na kufika simba kati ya 75 na 125, wote wakiwa uzao wa waanzilishi wapatao 15. Baada ya hapo mlango ulifungwa na simba wenyewe: madume wa ndani waliungana katika makundi makubwa, na kila mgeni aliyeshuka kutoka ukingoni alifukuzwa. Shughuli za watu kati ya kreta na Serengeti zilizidi kuifanya safari hiyo kuwa ngumu. Watafiti walipowalinganisha madume wa kreta na wa Serengeti, walikuta mbegu za kiume za wale wa kreta zikiwa na kasoro nyingi zaidi. Kwa mtalii aliye ndani ya gari, simba wa Ngorongoro ni wakubwa, wenye manyoya meusi na afya ya kupendeza, na ni kweli kwamba wanakula vizuri. Afya ya mnyama mmoja mmoja na uwezo wa kundi kuhimili jambo jipya ni vitu viwili.

Upande wa pili wa habari hii ni virusi, ambavyo navyo hugeuka, lakini kwa mwendo mwingine kabisa. Simba jike huzaa akiwa na umri wa miaka mitatu au minne. Virusi hutoa nakala mpya kwa muda wa saa chache. Zaidi ya hapo, virusi vingi vinavyozuka na kututisha hubeba vinasaba vya RNA, molekuli iliyo jamaa ya DNA ya seli zetu, na kimeng'enya (protini ya kazi) kinachonakili RNA kwa kawaida hakina uwezo wa kusahihisha kilichokosewa. Wakati seli ya mamalia hukosea takriban herufi moja katika kila bilioni inaponakili DNA yake, virusi vya RNA hukosea kiasi cha herufi moja katika kila 10,000 hadi 100,000. (Virusi vya korona vina usahihishaji wa namna yake, ndiyo sababu jenomu zao, yaani jumla ya vinasaba vyao, zinaweza kuwa ndefu kuliko za virusi vingine vya RNA.) Makosa mengi kati ya hayo huviua virusi vyenyewe. Lakini mgonjwa mmoja huwa na mabilioni ya nakala, na katika wingi huo karibu kila badiliko la herufi moja linalowezekana limeshatokea mahali fulani. Hapa tena tofauti hutangulia haja. Virusi havigundui kwamba vimekutana na mwenyeji mpya kisha vikajirekebisha. Miongoni mwa nakala zilizokwisha kutengenezwa huwamo chache zinazoweza kuishi humo, nazo ndizo zinazosonga mbele.

Chikungunya inatuwezesha kuliona jambo hilo likitokea, tena ikianzia kwetu. Ugonjwa huu ulitambuliwa mara ya kwanza katika uwanda wa Makonde, kusini mwa Tanganyika, mwaka 1952 na 1953. Kwa miongo mingi virusi vyake vilizunguka kati ya wanyama wa mwituni, mbu wa misituni na milipuko ya hapa na pale kwa binadamu. Mwaka 2004 vilizuka Lamu wakati wa ukame, ambapo watu walikuwa wakihifadhi maji majumbani, na uchunguzi wa damu uliofanyika baadaye ulikadiria kuwa robo tatu ya wakazi wa mji huo waliambukizwa. Vikaenda Mombasa, kisha mwaka 2005 vikavuka kwenda Komoro na visiwa vingine vya Bahari ya Hindi, hadi Réunion. Katika Réunion mbu aliyezoeana na virusi hivi, Aedes aegypti, ni wachache. Aliyejaa ni binamu yake, Aedes albopictus, mbu mweusi mwenye madoadoa meupe anayestahimili hata nchi zenye baridi. Mwanzoni mwa mlipuko virusi vilivyochukuliwa kwa wagonjwa vilikuwa na asidi amino (kijenzi cha protini) iitwayo alanini katika nafasi ya 226 ya protini ya nje inayoitwa E1. Miezi michache baadaye karibu virusi vyote vilikuwa na valini mahali hapo. Badiliko hilo moja, ndani ya jenomu yenye herufi zipatazo 12,000, liliviwezesha virusi kuingia kwa urahisi zaidi katika utumbo wa Aedes albopictus. Takriban theluthi moja ya wakazi wa Réunion waliugua, na mwaka 2007 ugonjwa ukafika Italia, kuliko na mbu huyohuyo. Badiliko lilelile la nafasi ya 226 lilitokea pia kwingine, bila uhusiano na Réunion, palipokuwa na mbu wa aina ileile. Hiyo ndiyo alama iliyo wazi kabisa ya uteuzi asilia: mazingira yanayofanana huchagua jibu linalofanana.

Kuruka kutoka aina moja ya mnyama kwenda nyingine ni kugumu kuliko tunavyodhani, na hili husahaulika kila tunapoogopa popo au nyani. Kila siku mwindaji, mchinjaji na mchungaji hukutana na virusi vingi vya wanyama ambavyo havifiki popote. Virusi vinahitaji kushikamana na protini fulani juu ya seli, viingie, vitumie mitambo ya seli, viuepuke ulinzi wa ndani, kisha vitoke na kumfikia mtu wa pili. Tazama VVU. Aina iliyoenea duniani, VVU-1 ya kundi M, ilitokana na virusi vya sokwe wa kusini mashariki mwa Kameruni, na ikaanza kusambaa kwa watu mjini Kinshasa katika miongo ya mwanzo ya karne ya 20. Seli zetu zina protini iitwayo tetherini, ambayo huvishikilia virusi vipya kwenye utando wa seli visiweze kuondoka. Virusi vya sokwe huishinda tetherini ya sokwe kwa kutumia protini yao iitwayo Nef. Tetherini ya binadamu imepungukiwa na asidi amino tano, na ni pale pale Nef inaposhika, kwa hiyo silaha hiyo ilikosa pa kushika. Kundi M lilifanikiwa kwa sababu protini nyingine ya virusi, Vpu, ilibadilika ikaichukua kazi hiyo. Mara nyingine kadhaa virusi vya sokwe na gorila viliingia kwa binadamu bila kuenea dunia nzima. Tunayoiita VVU ya dunia nzima ni mara moja iliyopenya.

Sokwe wenyewe wako katikati ya vita hivyo. Kwa muda mrefu iliaminika kwamba virusi hivi haviwadhuru, mpaka mwaka 2009 ulipochapishwa utafiti wa sokwe wa Gombe, kando ya Ziwa Tanganyika, uliotegemea kinyesi kilichookotwa msituni na kumbukumbu za miaka mingi za maisha yao. Walioambukizwa walikuwa katika hatari ya kufa mara 10 hadi 16 zaidi ya wenzao wa umri wao, na miili ya waliokufa ilionyesha upungufu wa kinga unaofanana na UKIMWI. Utafiti mwingine, wa mwaka 2015, ulikuta miongoni mwa sokwe wa Gombe aina moja ya MHC inayoendana na wingi mdogo wa virusi mwilini, na aina hiyo inafanana na ile inayowasaidia baadhi ya watu wenye VVU kuishi miaka mingi bila kuugua. Tumbili wetu wa kawaida, ambao nao hubeba virusi vya ukoo huo, hawaugui. Maelezo yanayokubalika ni kwamba wamekaa navyo muda mrefu mno, na waliokuwa dhaifu walikufa zamani bila mtu wa kuandika. Utulivu tunaouona kati ya tumbili na virusi vyake ulinunuliwa kwa vifo. Sokwe wa Gombe bado wanalipa, nao ni kundi dogo lililozungukwa na mashamba na vijiji.

Popo wala matunda wanaobeba virusi vya Marburg, vinavyowaletea watu homa hatari ya kutokwa damu, wamo pia katika hali hiyo ya utulivu. Hawaugui, na virusi huzunguka ndani ya makundi yao hasa kupitia vijana wenye umri wa karibu miezi sita, wanaofikia umri huo mara mbili kwa mwaka kwa kuwa popo hawa huzaa katika misimu miwili. Maambukizi mengi ya binadamu yanayohusiana na mapango na migodi yameangukia katika vipindi hivyo. Mwaka 2007 wachimba madini wa mgodi wa Kitaka, magharibi mwa Uganda, waliugua, na baadaye popo wote wa mgodi huo wakaangamizwa. Popo walirudi. Mwaka 2012 Marburg ilizuka tena Ibanda, karibu na hapo, na wataalamu walipowapima popo waliorejea, ambao walikuwa wachache sana kuliko wa kwanza, walikuta asilimia 13 wana virusi, ikilinganishwa na asilimia 5 kabla ya mauaji. Mauaji yaliondoa popo waliokwisha kupata kinga na kufungua nafasi kwa wageni wasio nayo. Mwaka 2023, Marburg ilipotangazwa kwa mara ya kwanza Tanzania, mkoani Kagera, rai ya kuwafukuza na kuwaua popo ingeweza kumjia mtu yeyote mwenye hofu ya haki kabisa. Kitaka inatufundisha kuwaacha mapangoni na kuwazuia watu wasiingie humo bila kinga.

Tukirudi kwa simba wa mwaka 1994, swali la kwanza linajibika kwa sehemu. Virusi vya distempa hushikamana na protini ya seli za kinga iitwayo SLAM, na watafiti waliolinganisha virusi vya mbwa na vile vilivyotoka kwa wanyama wengine walikuta mabadiliko yakijirudia katika nafasi chache za protini ya virusi inayogusa SLAM. Swali la pili linatulazimisha kuwa waangalifu, kwa kuwa ni rahisi kusema simba waliopona walikuwa na jeni bora na kuishia hapo. Sampuli za damu zilizotunzwa zilionyesha kuwa distempa ilikuwa imepita Serengeti mara kadhaa kabla ya hapo bila kuua simba wengi. Kilichoongezeka mwaka 1994, na tena Ngorongoro mwaka 2001, ni ukame. Nyati walidhoofika, wakajaa kupe, simba wakawala nyati hao na kupata kupe wengi, na kupe wakaleta vijidudu vya babesia kwenye damu. Distempa hushusha kinga kwa muda, na babesia ilipata mwili usio na ulinzi. Simba waliobeba maradhi yote mawili kwa wingi ndio waliokufa zaidi. Jeni huamua mengi, lakini huamua ndani ya mazingira, na mazingira yanayobadilika haraka huweza kuyageuza maambukizi ya kawaida kuwa maangamizi.

Chanjo kwa mbwa wa vijiji vinavyozunguka Serengeti ilifuata, na ni jambo jema kwa sababu inawakinga mbwa na, pale inapohusisha kichaa cha mbwa, inaokoa watoto wa watu. Hata hivyo distempa iliendelea kuonekana kwa simba, ishara kwamba virusi vina hifadhi pana zaidi kuliko mbwa peke yao.

Kuna mara moja ambapo binadamu alitumia mageuko yenyewe kuwaokoa wanyamapori, na inastahili kutajwa kwa heshima. Sotoka, binamu wa distempa na surua, iliingia Afrika Mashariki mwishoni mwa karne ya 19, ikaua ng'ombe kwa kiasi cha kuwaua Wamaasai wengi kwa njaa, na ikawaua nyati, pofu na nyumbu. Karibu mwaka 1960, huko Muguga, Kenya, daktari wa mifugo Walter Plowright na wenzake walivipitisha virusi vya sotoka kwenye seli za figo za ndama ndani ya chupa, mzunguko mmoja baada ya mwingine, takriban mara 90. Kila mzunguko ulichagua virusi vilivyozoea maisha ya chupa, na vilivyozoea chupa vikasahau namna ya kumwua ng'ombe, ingawa mwili wa ng'ombe uliendelea kuvitambua na kujenga kinga ya maisha. Ng'ombe walipochanjwa kandokando ya Serengeti, ugonjwa ulitoweka pia kwa wanyamapori, na nyumbu wakaongezeka kutoka takriban 260,000 mwaka 1961 hadi zaidi ya milioni 1.2 mwishoni mwa miaka ya 1970. Mwaka 2011 sotoka ilitangazwa kutokomezwa duniani. Iliwezekana kwa kuwa hifadhi yake ilikuwa ng'ombe. Nyumbu na nyati hawakuweza kuiendeleza peke yao. Distempa haina udhaifu huo.

Kwa makundi madogo, basi, lililo ndani ya uwezo wetu ni kulinda tofauti zilizobaki. Sokwe wa milimani (gorila) wa Virunga na Bwindi walihesabiwa kuwa 1,063 katika sensa zilizotangazwa mwaka 2018 na 2019, na hilo ni ongezeko la kushangilia, lakini katika karibu theluthi ya vinasaba vyao nakala mbili za kila mnyama ni sawa kabisa. Mwaka 2009 virusi vya kawaida vya njia ya hewa ya binadamu viliua baadhi yao nchini Rwanda. Sheria ya mgeni kusimama mbali na kuvaa barakoa inawalinda wanyama wasio na akiba kubwa ya tofauti ya kutegemea.

Kwa simba wa Ngorongoro, akiba inaweza kuongezwa. Dume mmoja mgeni akifanikiwa kuzaa ndani ya kreta huleta jeni ambazo kundi halikuwa nazo kwa miaka mingi, na juhudi zinazowashirikisha vijana wa Kimaasai kufuatilia simba na kuwaonya wafugaji kabla ng'ombe hawajavamiwa zinalenga kuifanya njia kati ya Serengeti na kreta ipitike tena. Wapo wanaopinga wakisema ushoroba utakaopitisha simba utapitisha na distempa. Pingamizi hilo ni la kweli na linapaswa kupimwa, ila distempa ilishaingia kreta mwaka 2001 bila kusubiri simba mgeni, ikibebwa na wanyama wengi wanaopanda na kushuka kuta zile kila siku. Jeni mpya za simba hazina mbebaji mwingine isipokuwa simba, naye hana pa kupita isipokuwa katikati ya malisho na maboma ya watu, kwa hiyo malipo ya ng'ombe aliyeuliwa na mshahara wa kijana anayefuatilia nyayo vinapaswa kuhesabiwa katika bajeti ya kuzuia magonjwa ya wanyamapori, sawa na chanjo.